Siku Niliyokiacha Kiputo Kikue

Ghati mwanangu,

Nguo zako ziko kwenye kamba na jua bado ni kali, kwa hiyo ninayo nafasi ya kuandika kabla hujarudi kutoka kuwaaga wenzako. Kesho asubuhi lori la Mugumu litakuchukua, na kutoka hapo utatafuta njia ya kufika Mwanza, kwenye chuo cha samaki. Habari za kuamka mapema, za kufunga sanduku na za kuchagua marafiki, shangazi yako amekwisha kukuambia. Nilimsikia akizirudia mara tatu. Mimi nimechukua daftari langu la kisomo, lile lililobaki kurasa nyeupe nyuma, nikuandikie jambo ambalo kwa mdomo limenishinda miaka yote hii.

Barua ya chuo ilipokuja, majirani walishangaa. "Samaki? Mtoto wa huku porini, tunakolala na nyumbu?" Baba yako akacheka, akawaambia umerithi kwa mama yako. Ni kweli. Lakini hujui ulichorithi kina upande gani mwingine.

Unalikumbuka sanduku la kioo? Wakati ule meno yako ya mbele yalikuwa yameng'oka, ulikuwa unasema "thamaki". Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa msimu mmoja tu uliopita, nyumba bado zinanuka udongo mbichi, na kila mtu alikuwa bado anaota boma lake la zamani. Akaja Bwana Otieno, bwana samaki, Mjaluo wa kandokando ya ziwa, na pikipiki iliyopiga kelele kuliko mashine ya kusaga. Alitaka kijiji kichimbe bwawa la perege. Watu wakamtazama tu. Wengi hapa walikuwa hawajawahi kumwona samaki hai, na wengine walikuwa hawataki kumwona hata aliyekufa. Mzee Nyamhanga, aliyekuwa mlinzi wa ghala la kijiji, alisimama kwenye mkutano akasema, "Leo mnatuletea samaki. Kesho mtatuletea mamba mseme naye ni maendeleo." Mkutano ukaangua kicheko.

Bwana Otieno hakukasirika. Safari iliyofuata alirudi na gari la wilaya, na ndani yake kulikuwa na sanduku la vioo vya dirisha lililofungwa kwa vyuma pembeni, na debe la vifaranga wa perege, wadogo kama mbegu za maboga. Alisema, "Watazameni kwanza wakikua. Baada ya mavuno mtaamua wenyewe kama mnachimba au hamchimbi." Sanduku likawekwa ndani ya ghala, juu ya meza, kwa sababu ndilo jengo pekee lililokuwa na sakafu ya saruji na kufuli. Funguo alikuwa nazo Mzee Nyamhanga. Akatafutwa mtu wa kutunza samaki. Wanaume walitazama pembeni. Mimi nikanyoosha mkono.

Nilinyoosha kwa sababu ya mpira, si kwa sababu ya samaki. Hilo nataka ulijue.

Ilikuwa hivi. Nje ya ghala, juu ya mawe, liliwekwa pipa ambalo akina mama tulilijaza kila asubuhi. Kutoka kwenye koki ya pipa, maji yalipita dirishani na kuingia kwenye sanduku polepole mchana kutwa, ili samaki wapate maji mapya. Sasa maji yanayoingia lazima yatoke, la sivyo yatafurika. Lakini kioo hakitobolewi ovyo. Basi Bwana Otieno alichukua mpira mweupe, ule unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akaziba ncha zote mbili kwa vidole, akaukunja juu ya ukingo wa kioo. Ncha moja ilizama ndani ya sanduku, ncha nyingine ilizama ndani ya kopo kubwa lililoning'inizwa kwa nje. Alipoachia vidole, maji yalipanda. Ghati, yalipanda! Yalitoka kwenye sanduku yakaupanda ule ukingo, yakashuka upande wa pili, yakaingia kwenye kopo, na kopo lilikuwa na tundu ubavuni la kuyapeleka nje kwenye bustani ya mboga.

Mimi nilizaliwa kijiji cha Genkuru. Nimechota maji mtoni tangu sijui hata kujifunga nguo, na maji yote niliyoyajua yalishuka. Nikamwuliza, "Nani anayavuta?" Akasema, "Mama Ghati, usiku hutalala leo." Kisha akanionyesha siri ya lile kopo. Kwa sababu ncha zote mbili zimezama, hata pipa likiisha maji, mpira unabaki umejaa. Maji ya sanduku yanashuka mpaka yalingane na lile tundu la kopo, yanasimama hapo, yanangoja. Pipa likijazwa, yanaanza tena yenyewe. Hakuna wa kuyaamuru.

"Adui yako ni mmoja tu," akaniambia. "Hewa." Pale juu mpira unapojikunja, viputo vidogo huja kukaa. Kila asubuhi niutoe, niujaze upya, niurudishe. Nikafanya hivyo tangu mwezi wa kupalilia ulipoanza, bila kukosa siku. Na kila asubuhi nilikiona kiputo kile kidogo juu ya kona ya mpira, kama jicho, nikajiuliza: nikikiacha, kitakuwa kikubwa kiasi gani? Maji yatakatika polepole au ghafla? Upande gani utaanza kuanguka? Hakuna aliyenituma kujiuliza.

Siku moja nikakiacha.

Sikukisahau. Ningependa kukuambia nilisahau, lakini nilisimama mbele yake, mkono tayari umeshika mpira, nikaurudisha mkono. Nikasema nitakaa nione. Nikavuta kiti. Kabla hata sijakaa vizuri, ikalia ile rimu ya gari tuliyokuwa tunagonga kuitana shamba la kijiji. Kukosa shamba kulikuwa na maneno mengi siku hizo. Nikafungua koki, nikachukua jembe, nikaenda. Nikajiambia nitarudi mapema.

Tuliporudi adhuhuri, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa ghala. Maji ya mpira yalikuwa yamekatika, pipa lilikuwa limemwagika lote kupitia sandukuni, na sakafu ilikuwa ziwa. Perege wadogo walikuwa wametapakaa kwenye saruji, wengine tayari wamekauka kama majani. Lakini hao si kitu. Magunia ya mbegu ya mahindi ya kijiji kizima, ya msimu uliofuata, yalikuwa yamepangwa chini karibu na ukuta. Yalilowa mpaka katikati.

Watu waliinama wakaanza kuyapapasa magunia. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza, "Funguo anazo nani?"

Hapo ndipo jambo lilipochukua njia yake. Wote walikumbuka maneno ya mamba. Mwenyekiti akasema neno ambalo siku hizo lilimtosha mtu kupoteza usingizi: hujuma. Mgambo wawili wakamchukua Mzee Nyamhanga, wakamkalisha kwenye benchi la ofisi kutwa nzima bila maji ya kunywa. Yeye alisema jambo moja tu, kwamba hakuingia ndani. Alinyang'anywa funguo. Hakupigwa, lakini watu waliacha kumwamkia, na watoto, wewe ukiwemo mwanangu, mlijifunza kumkimbia. Siku ya nne alibeba ngozi yake ya kulalia na chungu kimoja, akarudi kwenye mahame ya boma lake la zamani, mwendo wa saa nzima kuelekea hifadhini, ingawa kurudi huko kulikuwa kumekatazwa. Mke wake akabaki, kwa sababu ya mbuzi.

Na mimi? Bwana Otieno alipokuja alinikuta nimesimama kando ya sanduku. Aliniuliza kwa upole, "Mama Ghati, asubuhi ile ulitoa hewa?"

Nikasema, "Nilitoa."

Neno moja. Akatikisa kichwa akasema, basi kuna mtu aliunyanyua mpira. Akaandika kwenye daftari lake.

Nisikilize hapa, maana ni hapa nilipokosea kuliko pale kwenye kiti. Sikujiona mwongo. Nilijiambia: labda mzee kweli aliingia. Labda kiputo kile kisingekatisha maji. Nani aliyewahi kukiona kikikatisha? Nilijificha ndani ya neno "labda" kama mtu anayejikinga mvua chini ya meza. Nililala nalo, nikaenda nalo kanisani, nikaimba nalo. Wiki tatu.

Kilichonitoa humo si wema. Ni ule ule udadisi. Samaki wachache walikuwa wamesalia, maana waliokuwa chini kabisa hawakusombwa, na mpira ulirudishwa kama kwanza. Jumapili moja baada ya ibada, ghala likiwa tupu na mbegu iliyobaki imehamishiwa shuleni, niliweka beseni na matambara chini, nikafungua koki, nikakaa kwenye kile kiti. Safari hii nilikaa kweli. Kiputo kikawa kama punje ya mtama. Kikawa kama harage. Kikajinyoosha kikakaa kona nzima, na maji yakapita chini yake yakiwa membamba kama uzi. Halafu, bila sauti yoyote, uzi ukakatika. Maji ya upande huu yakaanguka huku, ya upande ule yakaanguka kule, na mpira ukabaki mtupu juu. Dakika chache baadaye maji yalianza kuchuruzika kwenye ukingo wa kioo.

Nilifunga koki. Sasa nilikuwa nimejua, na hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Kujua ni kitu kizito, Ghati. Huwezi kukirudisha.

Nilimwambia baba yako kabla ya chakula. Akasema, "Usianze kwa mwenyekiti. Anza kwa mwenye jina lililochafuliwa." Ndiyo maneno yake yote. Kesho yake nikaenda kwenye mahame.

Mzee Nyamhanga alikuwa anafukiza moshi mzinga wa nyuki. Nilimwamkia kama mtu anavyomwamkia baba yake, "Shikamoo, tata." Akaitikia, maana kutoitikia si desturi, lakini hakunikaribisha kukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Kiputo, kiti, rimu, swali la Bwana Otieno na jibu langu. Nilipomaliza nilidhani atanifukuza. Aliuweka mzinga chini.

"Kwa hiyo sikuingia," akasema.

"Hukuingia, tata."

"Mimi nilijua sikuingia. Lakini wiki hizi tatu nimeanza kujiuliza kama labda niliingia nikasahau. Mtu akiambiwa na kijiji kizima, hata yeye anaanza kusikiliza."

Nililia. Aliniacha nilie mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea kabisa: "Huo mpira unapitisha maji juu bila mtu kuvuta?"

Nikamweleza. Akakunja uso. "Na hewa inaingilia wapi, kama ncha zote zimezama?"

Sikuwahi kujiuliza hilo. Mimi niliyejiona mdadisi kuliko wote! Nilidhani hewa inazaliwa tu humo.

"Niletee," akasema.

Nikamletea siku iliyofuata. Unajua wazee wetu wanavyokunywa pombe kwa mirija mirefu, wote kutoka chungu kimoja. Aliushika mpira kama mtu anayekagua mrija wake. Akaziba ncha moja kwa kidole, akauzamisha kwenye karai la maji, akapuliza ncha nyingine. Pale kwenye kona, mahali mpira ulipokunjwa siku zote, vikatoka viputo vidogo sana, vimefuatana kama siafu. Ufa mwembamba ambao jicho halikuuona.

"Mrija wenye ufa haupandishi pombe," akasema. "Unavuta, unavuta, unapata hewa. Tundu linalovujisha maji utaliona, maana linakulowesha. Hili linavuta ndani. Halikuonyeshi kitu." Akauziba ufa kwa nta ya nyuki, akaufunga na kipande cha tyubu ya baiskeli. Halafu akaingia ndani, akatoka na mrija wake mwenyewe, akanionyesha ncha yake ya chini: kikapu kidogo kilichosukwa kwa nyasi, kisichopita kidole, cha kuzuia machicha. "Na samaki wenu hawaingii kwenye mpira?"

Walikuwa wanaingia. Kila wiki nilimtoa mmoja au wawili, wamekwama, wamepunguza maji. Akanisukia kikapu kama kile.

Jumatano nilisimama mkutanoni. Sitakuchosha na habari hiyo. Mwenyekiti alinipa siku za ziada shamba la kijiji hadi mavuno, na nilizilima zote. Wanawake ambao mbegu zao ziliota ukungu hawakunisemesha muda mrefu, na mmoja mpaka leo huniamkia kwa kidevu tu. Ana haki. Bwana Otieno alilifungua daftari lake, akaufuta mstari mbele ya watu, akaandika mwingine. Kisha akaenda mwenyewe kwa pikipiki mpaka kwenye mahame, na wawili wale, Mjaluo wa samaki na mzee wa mamba, wakakaa jioni nzima wakibishana juu ya hewa.

Tangu siku hiyo tulitumia mipira miwili badala ya mmoja, ili mmoja ukichoka mwingine ubebe. Tulichagua myembamba zaidi, maana Bwana Otieno alituonyesha kwamba maji yakienda polepole kiputo hukaa kitako, yakienda kasi hukisukuma nje. Kikapu nilikisafisha kila siku, kwa sababu chujio lisilosafishwa linageuka kuwa kizibo. Na kila Jumamosi nilifunga koki kwa makusudi, nikasubiri maji yasimame, nikaifungua tena, nikakaa nikatazama kama yataanza yenyewe. Chuoni watakufundisha kwa majina mazuri zaidi. Mimi nakuambia tu, usiuamini mpira ambao hujauona ukisimama na kuanza tena.

Bwawa lilichimbwa. Tembo walibomoa ukingo wake mwaka wa tatu, lakini hiyo unaijua.

Lililobaki ni la Bomani. Mzee Nyamhanga alikubali kurudi kijijini, ila funguo alizikataa. Aliniomba jambo moja. Mwanawe Marwa alikuwa fundi cherehani Tarime, Bomani, kwenye baraza la duka moja. Habari za hujuma zilikuwa zimemfikia, na tangu hapo hakutuma salamu. "Nenda umwambie wewe," mzee akasema. "Mimi nikimwambia nitakuwa najitetea."

Nikapanda lori, nikalala kwa dada yangu Genkuru, nikafika Bomani siku ya pili. Marwa alikuwa anashona sare za shule. Nikamweleza nikiwa nimeegemea nguzo, yeye mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Nilipofika kwenye "Nilitoa," mguu ukasimama.

"Umekaa na neno hilo muda gani?"

"Wiki tatu."

"Ulikuwa wapi wiki tatu?"

"Nilikuwa nyumbani," nikasema.

Akatazama kitambaa. "Walipita watu wa kwetu hapa," akasema taratibu, "wakaniuliza kama yule mzee ni baba yangu. Nikawaambia ni jina tu, limefanana. Wewe mama ulinyamaza. Mimi nilisema." Akamaliza mshono aliouanza, akakata uzi, akafunika cherehani. Tukapanda lori moja kurudi. Walipokutana, baba mtu alimtazama kidogo akamwuliza kama amekula.

Hiyo ndiyo habari, Ghati. Nimeiandika kwa sababu unakwenda mahali pa watu wanaouliza maswali, na unalo jicho langu. Nimekuona ukikaa mbele ya kichuguu hadi giza linaingia. Sikukatazi kuacha kiputo kikue. Nakuomba tu, ukikiacha, usiondoke. Na ukiondoka, maana ipo siku utaondoka, hata rimu isipolia, wa kwanza kusema awe wewe.

Sasa na mimi nina swali. Mzee Nyamhanga kabla hajafariki tulijaribu kuunyanyua mpira juu zaidi ya kioo. Tukaupitisha juu ya mlango, maji yakapanda. Tukaunganisha mipira tukaupitisha juu ya boriti ya ghala, yakapanda. Tukataka kuupitisha juu ya ule mwamba wa nyuma ya shule, mipira ikaisha. Yeye alisema maji yatapanda mlima wowote ilimradi hewa isiingie. Mimi nilisema lazima kuna mahali yatakataa. Mwalimu wa kisomo hakujua. Bwana Otieno alihamishwa kabla sijamwuliza.

Waulize walimu wako. Na kama nao hawajui, wewe tafuta mpira mrefu. Kisha uniandikie kwa herufi kubwa, macho yangu si kama zamani, uniambie ni nani kati yetu alikuwa sahihi.

Nguo zimekauka. Nakwenda kuzianua.

Mama yako,
Bhoke